Bastola Iliyoviringishwa Blanketini

Kiangazi cha mwaka 1889, mpanda farasi mmoja anaingia bondeni huko Wyoming, wakati Wyoming yenyewe haijawa bado jimbo kamili la Marekani. Mtoto aitwaye Bob Starrett, aliyeketi juu ya boriti ya zizi la baba yake, anamwona tangu mbali. Mgeni anafika njia panda. Njia moja inavuka mto kuelekea ranchi kubwa ya Luke Fletcher. Ya pili inafuata ukingo wa huku, kwenye mashamba ya walowezi wadogo yaliyopangana kandokando ya maji. Mgeni anasimamisha farasi, anatazama huku na huku, kisha anashika njia ya wakulima.

Ndivyo inavyoanza Shane, riwaya ya Jack Schaefer iliyotoka mwaka 1949. Mpita njia wa kawaida hana sababu ya kusita pale. Huyu anasita kwa kuwa ni mtu ambaye wenye ranchi kubwa wangependa kumlipa, na huenda wamewahi kumlipa. Schaefer halisemi hilo popote. Ni mimi ninayelisema, na msomaji mwingine anaweza kunibishia. Riwaya inayotajwa kuliko karibu zote panapozungumzwa habari za mtu wa bastola anayeandamwa na maisha yake ya nyuma haitusimulii hata siku moja ya maisha hayo. Hatuambiwi aliua wangapi, wala wapi, wala kwa nini aliacha. Jina lake ni moja tu, Shane, na hakuna anayejua kama ni la baba yake au amejipa mwenyewe.

Wengi wetu tulimjua mtu wa bastola kwenye sinema kabla ya kumjua vitabuni: kofia pana, mlango wa baa unaojirudisha wenyewe, wanaume wawili barabarani jua likiwa utosini. Sinema za namna hiyo huwa hazina subira. Shujaa hupewa kisa chake mapema, mke aliuawa au nyumba ilichomwa, ili risasi zote zitakazofuata ziwe halali. Schaefer aliikataa njia hiyo ya mkato, na naamini ndiyo sababu kitabu chake bado kinasomwa.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa farasi. Alizaliwa mwaka 1907 Cleveland, Ohio, mji wa viwanda kando ya Ziwa Erie. Alisoma chuo cha Oberlin, akaenda Columbia, New York, kwa masomo ya juu, akayaacha njiani akaingia kwenye habari: kwanza shirika la United Press, kisha uhariri wa magazeti katika miji ya mashariki. Alipokuwa akiandika Shane alikuwa hajawahi kufika magharibi anakokusimulia. Bonde, mto, ranchi na mji mdogo wenye duka na baa, vyote alivitoa katika vitabu vya historia alivyokuwa akivisoma. Hadithi ilitoka kwanza kwa mafungu matatu katika jarida la Argosy mwaka 1946, ikiwa na jina jingine. Mwaka 1955, kitabu kikiwa kimeshampa jina na fedha, ndipo alipohamia New Mexico. Mwaka 1985 chama cha waandishi wa riwaya za magharibi wa Marekani kiliipigia Shane kura kuwa bora kuliko zote zilizowahi kuandikwa.

Wapo wanaoshikilia kwamba mtu asiandike juu ya nchi ambayo hajaikanyaga. Kwa kitabu hiki, umbali ulikuwa faida. Mtu aliyekulia Wyoming angetumia kurasa nyingi kuieleza milima na theluji. Schaefer hakuwa na mlima wa kukumbuka, akawakazia macho watu.

Na watu hao tunawaona kwa macho ya mtoto. Bob anasimulia akiwa mtu mzima, lakini analisimulia lile aliloliona wakati ule, bila kujipa akili ambayo hakuwa nayo. Anaona kwamba mgeni, akikaa kula, huchagua kiti kinachotazama mlango. Anaona kwamba kila anapofika mahali, macho yake hupita kwanza kwenye pembe ambazo mtu angeweza kujificha. Anaona kwamba katika nchi ambayo karibu kila mwanamume ana silaha, huyu hatembei na bastola. Mtoto anaona na hajui anachokiona. Msomaji anajua, na anaogopa kabla Bob hajaanza kuogopa.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Shane amevua nguo zake nyeusi za thamani, amevaa za shambani zilizonunuliwa dukani, amejifunza kulima na kujenga ua. Kovu halionekani tena kwenye mavazi. Linaonekana shingoni, katika namna anavyogeuka akisikia kwato nyuma yake.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote haina bastola wala damu. Mchuuzi aitwaye Ledyard amemletea Joe Starrett, baba yake Bob, mashine mpya ya kulimia, naye anataka bei ya kunyonya. Shane, ambaye bado ni mgeni kabisa pale, anasema kwa utulivu kwamba aliiona mashine kama ile Cheyenne kwa bei ya chini sana. Mchuuzi anamgeukia kwa matusi: huyu mzururaji ni nani hata asikilizwe? Joe anasimama upande wa mgeni wake. Hajui anakotoka, hajui alichofanya, lakini neno lake analikubali.

Shane hana maneno ya kushukuru. Anachukua shoka, anakwenda nyuma ya banda kwenye kisiki kikubwa ambacho Joe amekuwa akipambana nacho bila kukishinda, anaanza kukata mizizi. Joe anachukua shoka lake, anasimama upande wa pili. Wanakata na kukata, jasho linawatiririka, hawasemezani. Marian, mkewe Joe, anashauri wafunge farasi wakivute. Hawataki hata kusikia. Mama wa watu anabaki kuwatazama mpaka pai yake ya matofaa inaungua jikoni, na hilo nalo linamuudhi kama mtu aliyeshindwa vita vyake. Kisiki kinapong'oka, wanaume wale wawili wameshakuwa ndugu.

Kurasa zile ni nyingi kwa kitabu kifupi namna ile, na mhariri mwenye haraka angezipunguza. Angekosea. Hapo ndipo tunapomwona Shane akitumia nguvu zake zote bila mtu yeyote kuumia. Ni furaha tupu, na ni mara ya kwanza na ya mwisho kuiona kwake. Bila kisiki kile tusingejua anapoteza nini baadaye.

Kisha Bob anaikuta bastola. Imo bandani, imeviringishwa ndani ya blanketi la mgeni, na mtoto anashangaa jinsi ilivyotunzwa: safi, imetiwa mafuta, nyepesi kutoka kwenye ala yake. Anakimbia kumwambia baba yake. Joe hakasiriki wala hastuki. Anamwonya tu mwanawe asimpende Shane kupita kiasi, kwani siku moja ataondoka.

Hapa Schaefer ametuambia jambo kubwa bila kulitamka. Mtu aliyekata shauri kweli angeiuza bastola ile Cheyenne au angeitupa mtoni. Shane ameiweka, na anaisafisha. Ni kama fundi aliyeacha kazi lakini hajarudisha vifaa. Sidhani kwamba anatamani kuua. Nadhani anajua jinsi ustadi ulivyo: umo mkononi, hauondoki kwa kuufunika, na kuitunza bastola ni kukiri ukweli huo kimyakimya. Kuna ukurasa mmoja ambapo anamfundisha Bob namna ya kushika silaha, kwa kutumia bastola mbovu ya kuchezea ya mtoto. Anaeleza kwa upole, kama mwalimu, mkono ukae wapi, ala ifungwe wapi. Ghafla anakatisha. Macho yako mbali, uso umefungika, na mtoto aliye mbele yake hayupo tena kwake. Tunapewa hicho tu. Ni kumbukumbu ambayo hatuoneshwi, na inatisha kuliko kama tungeoneshwa.

Ugomvi wenyewe ni wa ardhi. Fletcher anataka bonde lote kwa ajili ya ng'ombe wake, na walowezi wamekaa kwenye maji. Anaanza kwa dharau. Kijana wake mmoja, Chris, anamdhihaki Shane ndani ya baa kwa sababu ya chupa ya soda. Shane anatoka bila kujibu, na kesho yake bonde zima linasema mtu wa Starrett ni mwoga. Anaporudi kumaliza jambo lile, anamvunja Chris mkono, kisha anamlaza na kumfuta damu usoni kama mtu anayemhudumia mdogo wake. Anamwona kijana ambaye angeweza kuwa yeye mwenyewe miaka ile. Chris hatamsahau, na kitabu hakitamsahau Chris.

Dharau ziliposhindwa, Fletcher anamleta Stark Wilson, mtu wa bastola wa kulipwa. Wilson ni Shane ambaye hakuacha. Anamchokoza mlowezi Ernie Wright kwa tusi juu ya mama yake, Ernie anashika silaha, anakufa papo hapo mbele ya mashahidi watakaosema alitangulia yeye. Anayefuata ni Joe, na Joe amekwisha kuamua kwenda.

Tuiache riwaya kidogo tuitazame Wyoming yenyewe, maana kiangazi kile cha 1889 hakikuwa cha kubuni. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 za ardhi ya umma kwa sharti la kuishi na kulima kwa miaka 5. Wafugaji wakubwa nao walikuwa wakichunga kwenye ardhi hiyohiyo ya umma bila kulipa kitu. Seng'enge, iliyopewa hataza mwaka 1874 kwa jina la Joseph Glidden wa Illinois, ilimwezesha maskini kuzungushia shamba lake ua bila kuwa na miti. Mlowezi mmoja akizungushia ua ukingo wa mto, maelfu ya ng'ombe nyuma yake hawana pa kunywa. Kisha ikaja baridi ya 1886 kuingia 1887. Mifugo ilikufa kwa wingi kiasi kwamba kampuni kubwa kama Swan Land and Cattle zilifilisika, na zilizobaki zikaanza kumhesabu kila mlowezi mwenye ndama kuwa mwizi.

Tarehe 20 Julai 1889, karibu na mto Sweetwater, wafugaji sita waliwakamata Ella Watson na James Averell, walowezi wenye madai halali ya ardhi kwenye malisho ambayo mmoja wa wafugaji hao, Albert Bothwell, aliyaona kuwa yake. Waliwanyonga juu ya mti. Magazeti ya Cheyenne yalimgeuza Watson kuwa malaya na mwizi wa ng'ombe, yakampa na jina la kubandika. Hakuna aliyetiwa hatiani. Mwezi huohuo, katika riwaya, Shane na Joe wangekuwa wakilima mahindi yao kwa amani. Schaefer aliijua historia, akachagua mwaka, na kitanzi akakiacha nje ya kitabu.

Miaka mitatu baadaye mambo yaliiva. Aprili 1892, wafugaji wa Wyoming waliajiri watu wa bastola wapatao 25 kutoka Texas kwa ujira wa dola 5 kwa siku, na nyongeza ya dola 50 kwa kila mtu atakayeuawa. Walipanda treni Cheyenne pamoja na wafugaji wenyewe, wakaelekea kaskazini, wilaya ya Johnson, wakiwa na orodha ya majina. Tarehe 9 Aprili waliizingira nyumba ndogo kwenye ranchi ya KC. Ndani mlikuwa na Nate Champion na mwenzake Nick Ray. Ray alipigwa asubuhi akafa. Champion alijihami peke yake karibu kutwa, na katikati ya risasi alikuwa akiandika kwenye kijitabu chake yanayotokea. Jioni waliichoma nyumba. Alipotoka mbio wakamuua.

Habari zilifika mji wa Buffalo. Wakulima, wafugaji wadogo, wenye maduka na vibarua zaidi ya 200 walishika bunduki wakawazingira wavamizi kwenye ranchi ya TA. Wangewamaliza. Walichokosa ni ushawishi: gavana alipiga simu ya maandishi Washington, maseneta wa Wyoming wakamwendea Rais Benjamin Harrison, na askari wa farasi wa kikosi cha Sita wakatumwa kutoka Fort McKinney kuwaokoa wauaji. Kesi ilikokotwa mpaka Januari 1893, ikafutwa.

Hapo ndipo ninapogombana na Shane, pamoja na kuipenda kwangu. Katika riwaya, mtu wa bastola anashuka upande wa wanyonge, anawaokoa, anaondoka. Katika wilaya ya Johnson watu wa bastola walishuka kwenye treni iliyokodiwa na matajiri. Wanyonge hawakuwa na Shane. Walikuwa na majirani. Katika riwaya serikali haionekani kabisa bondeni. Huko kweli ilionekana, ikiwa juu ya farasi, na ilijua imekuja kumwokoa nani.

Mtu halisi anayemkaribia Shane alikuwemo miongoni mwa wavamizi. Aliitwa Frank Canton, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa wilaya hiyohiyo ya Johnson, kisha akawa mpelelezi wa chama cha wafugaji. Desemba 1891 mlowezi John Tisdale alipigwa risasi mgongoni akirudi kwake na zawadi za Krismasi za watoto garini, na Canton ndiye aliyeshutumiwa, ingawa hakuhukumiwa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Josiah Horner. Huko Texas alikuwa mwizi wa benki, akafungwa, akatoroka, akabadili jina na kuvaa beji. Alipata msamaha wa gavana wa Texas, na mwaka 1907 akawa mkuu wa jeshi la akiba la jimbo jipya la Oklahoma. Alikufa mwaka 1927 akiwa mtu wa heshima. Maisha yake ya nyuma yalimfuata, ndiyo, lakini hayakumzuia kupanda ngazi. Mwandishi wa riwaya asingethubutu kutunga kisa kama hicho. Wasomaji wangesema hakina haki.

Aliyesumbuliwa kweli, kwa kadiri historia inavyoonesha, ni Wild Bill Hickok. Usiku wa tarehe 5 Oktoba 1871, akiwa mkuu wa polisi wa Abilene, Kansas, alirushiana risasi na mcheza kamari Phil Coe. Akiwa bado katikati ya zogo aliona mtu mwingine akija mbio kwake, akafyatua. Alikuwa Mike Williams, msaidizi na rafiki yake, aliyekuwa akija kumsaidia. Hakuna ushahidi kwamba Hickok aliua mtu mwingine katika mapambano baada ya usiku ule. Desemba mji ukamwachisha kazi. Alijaribu maigizo ya jukwaani akashindwa, macho yakaanza kumfifia, na tarehe 2 Agosti 1876 Jack McCall alimpiga risasi ya kisogo akicheza karata Deadwood. Siku hiyo alikuwa amekaa bila kuutazama mlango, kwa kuwa kiti alichokitaka kilikuwa na mtu. Schaefer, msomaji wa historia, bila shaka alilijua hilo alipomwekea Shane kiti chake.

Maisha ya miji ile yenyewe hayakuwa vita vya kila siku. Mwanahistoria Robert Dykstra alichunguza miji mitano ya ng'ombe ya Kansas, Dodge City na Abilene zikiwemo, akakuta mauaji 45 tu kwa miaka 15, 1870 hadi 1885. Miji mingi ilikataza kutembea na bastola mjini. Mtu wa bastola wa riwaya ni mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi.

Turudi bondeni. Usiku ule Joe anajiandaa kwenda kukutana na Wilson akijua hatarudi. Anasema jambo ambalo waandishi wachache wa riwaya hizi wangempa mume alitamke: kwamba akifa, mkewe na mwanawe watakuwa salama mikononi mwa Shane, pengine salama zaidi. Ameona kinachopita kati ya Marian na mgeni wao. Hakuna lililosemwa, hakuna lililotendwa, na watu watatu wazima wanaishi na jambo hilo kwa adabu ambayo inaumiza kuisoma. Shane anamjibu kwa kumpiga na bastola kichwani mpaka anazimia, kisha anakwenda yeye. Amevaa tena nguo zake za zamani. Bob, anayemfuata kwa siri mpaka mjini, anaona kwamba zimemkaa vizuri kuliko zile za shambani.

Mapambano yenyewe ni mafupi. Wilson anakufa. Fletcher anafyatua kutoka juu, naye anakufa. Shane amejeruhiwa, na kabla ya kuondoka anamweleza mtoto kwamba alijaribu kuwa mtu mwingine na hakuweza. Anaelewa kwamba bonde alilolisafisha halina tena nafasi yake. Mtu akishaua kwa niaba yenu, mtamshukuru, lakini hamtaweza kula naye meza moja kama zamani. Shane anawapunguzia aibu hiyo kwa kuondoka usiku.

Joe, kwa huzuni, anataka kuhama. Marian anampeleka kwenye nguzo ya zizi ambayo Shane aliichimbia, anamwambia aitikise. Haitikisiki. Wanabaki. Na anayekuja kuomba kazi mahali pa Shane ni Chris, kijana aliyevunjwa mkono.

Wapo wasioonekana. Fletcher anazitaka nyasi za bonde kwa sababu ana mkataba wa kuiuzia serikali nyama ya kuwalisha wenyeji wa asili waliofungiwa kwenye maeneo yao ya hifadhi. Tusi linalomuua Ernie Wright ni kuambiwa kwamba mama yake ni wa damu ya wenyeji hao. Hiyo ndiyo nafasi yao yote kitabuni: midomo ya kulishwa, na tusi. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 ulikuwa umeyatambua maeneo ya mto Powder, ambamo wilaya ya Johnson imo, kuwa ardhi ambayo Walakota hawajaitoa. Mwaka 1877 wakanyang'anywa. Miaka 12 baadaye Joe Starrett na Luke Fletcher wanagombana juu ya nani mwenye haki na bonde, na hakuna hata mmoja wao anayeona kichekesho hicho. Katika riwaya inayozungumzia uzito wa maisha ya nyuma, huo ndio uzito usiobebwa na mtu.

Sinema ya mwaka 1953, Alan Ladd akiwa Shane, iliongozwa na George Stevens, na hapo pana jambo la kuzingatia. Stevens alikuwa mkuu wa kikosi cha wapiga picha wa jeshi la Marekani huko Ulaya. Aliingia kambi ya Dachau mwaka 1945 na kamera, na picha zake zilitumika kama ushahidi katika kesi za Nuremberg. Kabla ya vita alijulikana kwa vichekesho. Alipotengeneza Shane alitaka mlio wa risasi umshtue mtazamaji kwelikweli, na mlowezi anayeuawa matopeni alivutwa nyuma kwa waya ili aonekane ametupwa na risasi. Mtu aliyeona maiti za Dachau hakutaka tena kifo cha mchezo. Filamu ilipata Oscar ya upigaji picha, lakini sauti ile ya bastola ndiyo mchango wake mkubwa.

Waliokuja baadaye waliyasema wazi yale ambayo Schaefer aliyanyamazia. Glendon Swarthout, katika The Shootist ya mwaka 1975, alimpa mtu wake wa bastola saratani. Filamu ya Unforgiven ya 1992 ilimpa Clint Eastwood mhusika ambaye uovu wake wa zamani unatajwa na kila mtu na kutiwa chumvi. Ni kazi nzuri zote mbili. Lakini nikilazimika kuchagua, nachagua ukimya wa Schaefer.

Mwenyewe hakubaki pale alipoanzia. Monte Walsh, riwaya yake kubwa ya mwaka 1963, inamfuata mchunga ng'ombe wa kawaida tangu ujana mpaka kifo, bila mwokozi kutoka mbali, na anayetaka kumjua Schaefer vizuri aanzie Shane na kuishia hapo. Baadaye alichoshwa na walowezi aliokuwa amewatukuza, kwa jinsi nchi ilivyoharibiwa baada yao. Katika miaka ya 1970 aligeukia kuandika juu ya wanyama, akieleza kwamba anaona haya kwa ajili ya binadamu wenzake. Alifariki Santa Fe, New Mexico, Januari 1991, akiwa na umri wa miaka 83.